Picha ya Sebuleni

Ukurasa wa Mama Funguo ulikuwa aibu, na wifi yake hakumficha. Kwenye kile kiduara kidogo ambacho watu wote huweka sura zao, yeye alikuwa ameweka picha ya kufuli. Chini yake kaandika: "Dalali. Nyumba zipo. Piga simu." Zilizofuata ni picha za nyumba, na kila picha ilikuwa na balaa lake. Hapa kidole gumba kimekula nusu ya jiko. Pale ndoo ya kudekia imesimama katikati ya sebule kana kwamba ndiyo inayouzwa. Kwingine ni giza tupu, na maneno yanasema chumba kina mwanga wa kutosha. Wifi alizipitia picha zote mpaka mwisho, akaiweka simu juu ya meza ya studio yake na kushusha pumzi.

"Wifi yangu," alisema, "hivi hao wanaokupigia simu wanatoka wapi?"

Ukweli ni kwamba siku hizo walikuwa hawapigi, na ndicho kilichompeleka studio. Mama Funguo alianza udalali wa nyumba enzi za vibao vya kupigilia kwenye nguzo za umeme. Jina alilipata kwa sababu ya shada la funguo za nyumba za watu alilolifunga kiunoni, ambalo lilisikika kabla mwenyewe hajaonekana. Sasa walikuwa wamezuka vijana wenye simu za maana, wanatembea ndani ya nyumba huku wanajipiga video na muziki kwa chini, na wateja wote walikuwa wanawakimbilia wao. Kazi nyingine hakuijua. Mumewe alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha rangi mpaka alipostaafu, na tangu hapo ni yeye aliyekuwa akiihangaikia nyumba.

Watu hupenda kusimulia mawifi kama paka na panya. Hawa walikuwa chanda na pete, jambo lililomkera kila aliyependa umbea. Wifi alikuwa mdogo wa mumewe, tumbo moja, fundi wa picha za harusi na vitambulisho, na pembeni alikuwa akiwatengenezea wenye saluni na maduka kurasa zao za mtandaoni. Dawa aliyoitoa siku ile ilikuwa fupi. Kufuli litoke, sura iingie. Anayetafuta nyumba anakwenda kuingia milango asiyoijua na mtu asiyemjua, kwa hiyo lazima kwanza amwone huyo mtu, amzoee, amcheke hata.

Mama Funguo alikataa katakata. Alisema sura yake ni ya kuonwa na ndugu tu, tena ndugu wavumilivu. Lakini alipokuwa anasema hivyo alikumbuka jambo, akaanza kutabasamu peke yake, na wifi hakumwacha mpaka alipolitoa.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Nyumbani kwake kulikuwa na picha yake kubwa, amevaa gauni la bluu siku binti yao alipoolewa. Picha hiyo ilikuwa imetundikwa koridoni karibu na choo, mahali ambapo hata mwenye macho mazuri angeiona kwa kubahatisha. Juma lile, alirudi kutoka kazini akaikuta sebuleni, imetazamana na mlango, kioo kimefutwa kinameremeta, na chini yake kuna meza ndogo yenye chombo cha maua meupe. Alisimama na kikapu chake mkononi. Alipomuuliza mumewe kulikoni, mzee alijibu bila kumtazama kwamba picha ilikuwa inaharibika kule gizani. Basi. Mama Funguo alikwenda chumbani akakaa kitandani, akacheka kimoyomoyo kama msichana. Katika ndoa yao ilikuwa inaweza kupita miezi bila neno lolote kubwa kuliko "umeme umekatika". Tangu siku hiyo kila asubuhi aliyabadilishia yale maua maji mwenyewe kabla hajatoka.

"Kama kaka yako kaona nafaa sebuleni," alimwambia wifi yake, "basi hata kwenye simu nitafaa."

Walipiga picha asubuhi iliyofuata, nyumbani kwa Mama Funguo, wakati mzee amekwenda kunyoa. Wifi alikuwa mkali kazini. Alimbadilisha kitambaa cha kichwa, akamkataza kukunja midomo, akamsimamisha chini ya picha ile ile ili zote mbili zionekane, mwenyewe na picha yake, wanatabasamu kwa mpigo. Halafu akampiga video akitembea: huyu hapa anafungua mlango, huyu anasukuma dirisha la jikoni mwanga unaingia, huyu anatikisa shada la funguo mbele ya kamera na kusema karibuni. Maneno ya chini aliyatunga wifi. "Mama Funguo. Naonyesha nyumba za watu kama ninavyoonyesha yangu."

Kufuli likaondoka, sura ikaingia. Kufikia jioni ukurasa ulikuwa umejaa mioyo, na watu wasiomjua walikuwa wanamwita mama yetu. Alilala na furaha aliyoionea haya kidogo, na mzee akiwa ubavuni hakumwambia, kwa sababu mzee na mambo ya mtandao walikuwa mbali. Simu yake ilikuwa ya kupiga na kupokea tu.

Hapa ni lazima niseme namna madalali wa mji ule walivyofanya kazi, vinginevyo kilichofuata hakitaeleweka. Walikuwa na kundi lao la simu. Dalali mwenye nyumba isiyo na mnunuzi aliitangaza mle, na dalali mwenye mnunuzi asiye na nyumba alimpeleka, halafu wakagawana malipo. Ila hakuna aliyeweka picha ya nyumba wala jina la mtaa. Akiweka tu, mwenzake atamruka, ataenda kwa mwenye nyumba moja kwa moja, na yeye abaki mikono mitupu. Kwa hiyo walitaja vyumba, bei na sababu ya kuuza, basi. Madalali hawa walifanya kazi pamoja miaka na miaka, wakajuana kwa sauti na kwa majina ya utani, na wengine walikuwa hawajawahi kuonana uso kwa uso.

Siku chache nyuma, dalali mmoja aliyeitwa Koti alikuwa ametangaza: vyumba vitatu, haina ngazi, nyuma ya shule, mwenye nyumba amefiwa na mke, anauza haraka. Shule katika mji ule zilikuwa tele, na nyuma ya kila shule kulikuwa na mtaa mzima. Mama Funguo hakufikiria mara mbili. Alikuwa na mteja wake wa kwenye simu, ambaye hawajawahi kuonana, nesi mmoja aliyetafuta kwa muda mrefu nyumba isiyo na ngazi kwa ajili ya mama yake anayetembelea fimbo. Akampa namba ya Koti. Tena akamtia maarifa, maana yeye ni mtu wa kazi yake. Alimwambia, huyo ni mfiwa, usimrukie na bei ukifika. Mpe pole kwanza, ulizia marehemu kidogo, mengine yatakuja yenyewe. Nesi alishukuru sana. Baadaye alituma ujumbe kwamba ameiona, ameipenda mno, na Mama Funguo akaanza kuyahesabu malipo yake ya nusu kwa nusu kama yameshaingia.

Siku ya pili baada ya sura kuingia, alikuwa studio kwa wifi, wanakunywa chai na kusoma watu walichoandika. Ujumbe wa sauti ukaingia kutoka kwa nesi. Mama Funguo aliufungua hapo hapo, sauti juu, akidhani ni habari njema na wifi naye aisikie.

"Mama Funguo, habari za kazi. Samahani, nimeona ukurasa wako mpya. Yule mama mwenye funguo ndiye wewe, au ni nani wako? Ana pacha? Maana ile nyumba uliyonielekeza, picha yake ipo ukutani. Mumewe mwenyewe alinionyesha, akasema huyu ndiye marehemu mke wangu. Nilisimama pale nikamwombea. Sasa namwona anatembea jikoni, kama jiko lile lile, anafungua dirisha. Naomba uniambie chochote."

Wote wawili walibaki wameikodolea macho simu. Wifi alinyoosha mkono akaupiga ule ujumbe tena, na mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa walijua neno gani linakuja. Akili ya Mama Funguo, ambayo ilikuwa ya dalali hata pale, ikaanza kutafuta mlango wa kutokea. Nesi amechanganya nyumba. Watu huona nyumba nyingi kwa siku moja, zinawaingiliana kichwani. Wanawake wenye magauni ya bluu wako wengi. Alimpigia nesi, na sauti yake ilitoka ya kawaida kabisa mpaka ikamshangaza.

Hakumwambia yeye ni nani. Alimuuliza tu, kikazi, hiyo picha iko upande gani wa sebule. Nesi akasema inatazamana na mlango. Akamuuliza chini ya picha kuna nini.

"Meza ndogo," nesi alijibu. "Na chombo cha maua meupe. Alisema hayakosekani hapo tangu mkewe aondoke."

Maua. Mama Funguo alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti, na bahati nzuri kilikuwepo. Kila asubuhi. Alikuwa akikibeba kile chombo mwenyewe mpaka jikoni, anamwaga maji ya jana, anaweka mapya, anakirudisha chini ya sura yake kwa mikono miwili. Mzee alikuwa akimtazama anavyofanya hivyo huku anakunywa chai.

Kwa kuwa simu ilikuwa bado sikioni na mtu bado anasubiri upande wa pili, alisema lililokuwepo. "Mwanangu, mimi sina pacha. Huyo ni mimi."

"Uko hai?" nesi aliuliza kwa upole, kama anavyomuuliza mgonjwa.

"Niko hai," Mama Funguo alisema, na aliposikia sauti yake ikilitamka, ndipo machozi yalipomtoka.

Yaliyobaki nesi aliyaeleza kwa haraka. Alasiri ile ile Koti alikuwa anampeleka tena, pamoja na kaka yake, waiangalie nyumba mara ya mwisho, na kesho yake waende kwa mwanasheria. Mama Funguo alimwomba afanye hivyo hivyo walivyopanga, asiseme kitu kwa yeyote. Halafu akakata simu, na kila kitu kikajipanga chenyewe, kwa sababu kazi ile aliijua. Mwanamume mwenye mke hauzi nyumba ya familia bila saini ya mkewe. Aliyefiwa na mke haulizwi saini ya mtu. Hati ilikuwa na jina la mzee peke yake. Wateja wake wote wa kike Mama Funguo aliwaambia, bibi, hakikisha jina lako limo, usilete mapenzi kwenye hati. Ya kwake alikuwa hajaigusa tangu walipoichukua. Na mambo hayo yote, ya saini na wafiwa na haraka zao, nani aliyemfundisha mzee? Yeye, mezani, akipakua chakula, akisimulia siku yake ilivyokwenda kwa mtu aliyedhani hasikilizi.

Asubuhi ile mzee alikuwa amemuuliza atarudi saa ngapi, akampa na mwavuli. Alikuwa ametembea na ule mwavuli njia nzima akiwa na moyo mweupe.

Alimtazama wifi yake. Hapa ndipo alipoogopa kweli, maana damu ni damu, na huyu angeweza kabisa kuanza kumtafutia kaka yake visingizio. Wifi alikuwa amesimama karibu na taa zake za studio.

"Yaani wifi yangu kafa," alisema, "na mimi sikuambiwa msiba." Akachukua mkoba wake, akafunga studio mchana kweupe, wateja wa picha za vitambulisho wakiwa wanakuja. "Twende tukazike."

Waliingia kwa mlango wa nyuma. Mama Funguo alilishika shada lake la funguo kwa ngumi ili lisilie, kitu ambacho hakuwahi kukifanya nyumbani kwake. Jikoni kulikuwa kusafi kuliko alivyokuacha. Vikombe vyake viwili vilivyopasuka vilikuwa vimefichwa. Walisimama nyuma ya mlango wa kuingilia sebuleni, bega kwa bega, na haukupita muda wakasikia wageni wanabisha, na mzee anawakaribisha kwa sauti ambayo Mama Funguo hakuwahi kuisikia. Ilikuwa sauti ya taratibu, ya mtu mnyonge, na ilikuwa nzuri.

Aliwatembeza vizuri tu. Aliwaambia upepo unatoka wapi jioni. Alipofika kwenye kiti cha dirishani alisema, hapa ndipo marehemu alipopenda kukaa. Mama Funguo hakuwa amekaa kwenye kiti kile hata mara moja. Nani alikuwa na muda? Mzee akaendelea. Alisema alikuwa mchangamfu, alisema hakujua kuchoka, alisema ukimsikia tu anakuja na funguo zake nyumba nzima inaamka. Mama Funguo alisikiliza maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kuambiwa na mumewe, na aliyekuwa anaambiwa ni Koti. Alijiona mjinga kwa sababu kwa nukta moja alitaka aendelee.

Wifi akamgusa mgongoni. Mama Funguo akaachia ngumi.

Funguo zililia. Mzee alikatika katikati ya sentensi, kabla hata hajageuka, kwa kuwa mlio ule ulikuwa mmoja tu duniani. Mama Funguo aliingia sebuleni akasimama chini ya picha yake, mahali pale pale alipopigwa picha kwa ajili ya ukurasa.

"Karibuni," alisema. "Mimi ndiye marehemu."

Hakuna aliyesogea. Koti, kijana mnene ambaye kweli alikuwa amevaa koti katika joto lile, macho yalimtoka, akatazama ukutani, akamtazama mwanamke, akatazama ukutani tena. Sauti ndiyo iliyomfikia. Alikuwa ameisikia kwenye kundi miaka kadhaa, ikimtania na kumtafutia wateja.

"Mama Funguo?" alisema. Akajishika kichwa. "Mungu wangu. Nimekuletea mteja uliyenipa mwenyewe, nyumbani kwako mwenyewe."

Kaka wa nesi alikuwa tayari ameshafika barazani anatafuta viatu vyake. Nesi alijua kwamba mwenye picha yu hai, lakini kujua na kuona ni mambo mawili. Alikuja moja kwa moja akaushika mkono wa Mama Funguo, na Mama Funguo alihisi vidole vya nesi vikijipeleka vyenyewe kwenye mshipa wa mapigo. Walisimama hivyo kidogo. Halafu nesi akamwachia, akasema samahani kwa sauti ya chini, akatoka bila kumtazama mwenye nyumba. Koti alimfuata. Mlangoni aligeuka akataka kusema neno, pengine la kujitetea kwamba aliambiwa cheti cha kifo kiko kwa watoto, akaona wifi anavyomtazama, akaenda zake.

Mzee alikaa kwenye kile kiti cha dirishani. Mikono yake aliiweka magotini. Wifi alimwita kwa jina lao la utotoni na kumuuliza kama ana akili timamu. Mzee alimjibu mkewe, ila macho yake yalikuwa kwenye maua.

"Sikupanga," alisema. "Nilitaka kuuza tu, nipate kijumba mahali pengine, nikajua utakataa. Yule kijana akauliza mama wa nyumba ataweka saini lini. Nikasema amefariki. Lilitoka tu. Akanishika bega, akanipa pole. Kila aliyekuja alinipa pole. Walikaa na mimi. Waliniuliza ninakula nini."

"Ukaona raha," wifi alisema.

"Mke wangu, wewe siku zote uko kwenye nyumba za watu. Tangu nistaafu nakaa humu na kuta hizi mpaka giza linaingia. Kukukosa nilianza zamani, na hakuna aliyewahi kunipa pole kwa hilo."

Neno lile lilimwingia Mama Funguo, na kwa kuwa lilikuwa na ukweli ndani yake, lilimuuma kuliko uongo wote. Aliyaona yale masaa, mtu mzima amekaa kimya na redio. Angekuwa ameambiwa siku moja tu, mezani, kati ya habari zake ndefu za wateja, pengine angeketi. Pengine. Lakini alipoinamisha macho aliona chombo cha maua, na maji yake safi ya asubuhi ile.

"Ungeniambia unaniona siku hizi ni kama nimekufa, ningekusikia," alisema taratibu. "Hukuniambia. Uliwaambia wengine. Halafu kila asubuhi ukanitazama naweka maji kwenye maua ya msiba wangu." Swali lililokuwa linamtisha alikuwa bado hajaliuliza. "Nesi na mama yake wangeshahamia, mimi jioni nimetoka kazini, ningefungua mlango gani?"

Mzee alifikiri. Hilo ndilo lililommaliza Mama Funguo, kumwona anafikiri kweli, anatafuta jibu kwa mara ya kwanza. Alikuwa hajafika huko. Katika mpango wake wote, kuanzia kijumba kipya mpaka pole za watu, hakuwa amemweka mkewe mahali popote.

Kesho yake mapema Mama Funguo alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya ofisi ya ardhi, akaweka zuio ili nyumba isiuzwe bila yeye. Karani alimtazama mara mbili, akamuuliza si yeye yule mama wa mtandaoni. Koti na mdomo wake walikuwa wameshaifikisha habari kwenye kundi, na kundi limeifikisha kila mahali. Simu yake haikutulia. Wengi walitaka nyumba. Wengine, wanawake, waliongea kwa kunong'ona, wakimwomba awachunguzie kama nyumba zao nao ziko sokoni. Wifi alisema ukurasa umefanikiwa kuliko ukurasa wowote aliowahi kuutengeneza, halafu akalia.

Mama Funguo aliporudi alimkuta mzee sebuleni, mahali alipomwacha. Picha alikuwa ameishusha mwenyewe na kuiegemeza ukutani. Mama Funguo aliichukua akaitundika koridoni karibu na choo, pale ilipokuwa wakati yu hai. Maua aliyatupa.

"Sasa mimi nitakaa wapi?" mzee aliuliza. Aliuliza kama mtoto, bila ubishi.

"Umeoa dalali," Mama Funguo alisema. Sauti yake ilikuwa ile ya kazini, na ndivyo alivyoweza kuimaliza. "Nimekutafutia chumba. Kina choo ndani, dirisha linatazama barabarani, watu wanapita mchana kutwa, hutakaa kimya. Mwenye nyumba ni mama mmoja mcheshi, anapenda kujua habari za wapangaji wake. Akikuuliza mkeo yuko wapi, mwambie yuko hai. Ndiye aliyekupeleka."

Alinyoosha mkono. Mzee alihangaika na mfuko wa suruali, akatoa ufunguo wa mlango wa mbele, wa shaba, uliolika meno kwa miaka waliyokaa wote. Aliuweka kiganjani mwa mkewe. Mama Funguo alilifungua shada lake kiunoni, akauingiza pamoja na funguo za nyumba nyingine, akamshikia mlango.